Ngome, Boma na Kipande: Maneno na Mamlaka katika Milima ya Usambara

1. Utangulizi

Makala haya yametokana na ziara ya wanafunzi wa Kiswahili katika milima ya Usambara, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Kusudi la ziara lilikuwa jepesi: kusoma Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, mahali pale pale palipotokea mambo yanayosimuliwa ndani yake. Tulitoka Mombasa kwa njia ya Lungalunga, tukapita Tanga, Muheza na Korogwe, tukapanda mlima kutoka Mombo. Tulipofika Vuga, makao ya kale ya wafalme wa Kikilindi, mwanafunzi mmoja aliangaza macho huku na huku, akaona migomba, mashamba na nyumba za watu, akauliza: "Mwalimu, ngome iko wapi?"

Mzee aliyetuongoza hakukasirika. Aliunyosha mkono kuelekea miteremko iliyouzunguka mgongo wa mlima tuliosimama, akamjibu: "Mwanangu, kama ungekuja kwa vita, ungepitia wapi?"

Swali la mwanafunzi lilikuwa la haki, na jibu la mzee lilikuwa la haki pia. Hata hivyo, swali lile limenisumbua tangu siku hiyo, kwa sababu linaonyesha desturi tuliyo nayo sisi tunaofundisha lugha na historia. Tumezoea kuitafuta historia mahali palipo na mawe yaliyopangwa. Palipo na ukuta tunasimama na kusoma kibao. Pasipo na ukuta tunapita. Kwa desturi hiyo mgeni wa Usambara huyaona majengo ya Wajerumani ya Lushoto na Amani, akayaita ya kihistoria, kisha akairuka Vuga, ambayo ilitawala milima hiyo kwa zaidi ya karne moja kabla ya Mjerumani kufika.

Katika kurasa zinazofuata nitajaribu kuonyesha kwamba makao ya utawala katika Usambara yalihama mara mbili: kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kurudi juu. Kila uhamisho ulikuwa na sababu yake, na kila mmoja umeacha alama katika maneno tunayotumia. Nitadai vilevile kwamba ushahidi huu wa maneno, pamoja na maandishi ya Kiswahili ya wakati ule, unastahili heshima ile ile tunayoupa ushahidi wa mawe.

2. Juu ya maneno matatu

Kabla ya kupanda mlima, yafaa tuyatazame maneno matatu yanayohusu mahali penye nguvu: ngome, gereza na boma.

Ngome, kwa mtu wa pwani, ni jengo. Ni kuta nene, mizinga, na mlango unaofungwa usiku. Mfano wake ulio maarufu ni ile iliyoanzwa kujengwa na Wareno Mombasa mwaka 1593. Ngome hiyo hiyo ndiyo inayotupa historia ya neno la pili. Wataalamu wengi wanakubali kwamba gereza limetokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Ndani ya ngome mlikuwamo kanisa; jina la kanisa likawa jina la ngome; na kwa kuwa ngome ni mahali pa kufungia watu, jina la ngome likawa jina la kifungo. Kana kwamba historia ilitaka kulithibitisha neno, Ngome ya Mombasa yenyewe ilitumiwa kuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Hivyo neno lililoanza katika sala limeishia katika pingu, na njia yote hiyo limeipita ndani ya kuta zile zile.

Boma ni neno la namna nyingine. Asili yake si mawe. Ni uzio wa miti au wa miiba, uliozungushwa ng'ombe wasiibiwe au mji usishambuliwe. Boma laweza kujengwa kwa siku chache na kuachwa likaoza. Katika karne ya 19 misafara ya bara ililala ndani ya maboma ya miiba, na asubuhi ikaondoka. Lakini baada ya utawala wa Wazungu kuingia, neno hili lilipata cheo. Kituo cha serikali kiliitwa boma hata kilipojengwa kwa mawe na chokaa. Siku hizi Mtanzania anayefunga ndoa mbele ya ofisa wa serikali husemwa amefunga ndoa bomani, na hakuna anayefikiri juu ya miiba.

Tahadhari moja inafaa hapa. Isidhaniwe kwamba mawe ni ya pwani na miti ni ya bara. Kalenga, makao ya Mkwawa wa Wahehe, ilikuwa na ukuta mkubwa wa mawe hata Wajerumani walipoiteka Oktoba 1894. Na jina la mji wa Iringa latokana na neno la Kihehe lilinga, lenye maana ya ngome. Kwa hiyo watu wa bara walijua kujenga kuta walipozihitaji. Swali letu kuhusu Vuga basi si kwa nini hawakujua, bali walitegemea nini.

3. Vuga: kuta za watu

Milima ya Usambara imegawanywa na bonde la mto Lwengera kuwa sehemu mbili, ya mashariki na ya magharibi. Sehemu ya magharibi, ambako Vuga ipo, huinuka ghafula kutoka nyika ya bonde la Pangani hata kufikia, katika vilele vyake, zaidi ya meta 2,200. Wenyeji huitofautisha nchi yao na nyika kwa neno moja. Shambaai ni kule juu, kwenye mvua, ukungu na migomba. Nyika ni kule chini, kwenye joto, homa, wanyama na hatari. Jina Usambara tulilolizoea ni neno hilo hilo la Shambaai lililopita katika vinywa vya watu wa pwani na katika kalamu za Wazungu. Msambaa wa zamani hakuishi mbali sana na ukingo wa mlima. Alipenda kukaa mahali anapoweza kulima juu na kushuka nyikani kwa shughuli za msimu, kisha akarudi kulala kwenye baridi yake.

Mapokeo yanasema kwamba ufalme wa Wakilindi uliasisiwa na Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka milima ya Ngulu. Alizaliwa kigego, meno ya juu yakiwa yametangulia kuota, na kwa hiyo akatiliwa shaka na jamaa zake na kunyimwa urithi. Alihama na mbwa wake, akaingia Usambara, akawagawia watu nyama na kuwaamulia kesi zao. Alipokuwa njiani kwenda Vuga aliua simba, na tangu hapo mfalme wa Usambara akaitwa Simba Mwene. Wanahistoria huuweka mwanzo huo katika nusu ya kwanza ya karne ya 18.

Linalotuhusu zaidi ni namna Mbegha alivyoishika nchi baada ya kupewa. Alioa wake kutoka sehemu mbalimbali, na wana waliozaliwa wakapelekwa kutawala kwa wajomba zao. Hivyo kila sehemu ilitawaliwa na mtoto wa mfalme ambaye wakati huo huo alikuwa mpwa wa wenyeji. Huu ndio ukuta wa Vuga. Kuishambulia Vuga kulikuwa kuwashambulia wajomba wa nusu ya nchi. Jiwe lilikuwa la nini?

Ukuta huu ulisimama imara zaidi katika enzi ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki 1862 baada ya kutawala kwa miongo mingi. Mamlaka yake yalishuka kutoka milimani hadi karibu na bahari. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1848 akitokea Rabai, akiongozwa na Bana Kheri, na akarudi tena 1852. Krapf huyu ndiye ambaye kamusi yake ya Kiswahili, iliyotoka 1882, ingali mezani petu. Si jambo dogo kwamba mmoja wa waasisi wa elimu yetu ya kamusi alipanda miguu yake hadi Vuga, na huko akaeleza kwamba baadhi ya wana wa mfalme walikuwa wamekwisha kusilimu. Dini ya pwani, na bila shaka lugha yake, zilikuwa zimeupanda mlima kabla yake.

Mwaka 1857 walifika Richard Burton na John Hanning Speke. Burton alikadiria kwamba Vuga ilikuwa na vibanda 500 hivi na watu wapatao 3,000. Wageni hawakuruhusiwa kukaa ndani ya mji. Walipewa malazi nje yake. Kimweri, ambaye sasa alikuwa mzee sana, alitaka kutoka kwa Wazungu hao dawa ya kumrudishia nguvu. Ombi hilo Burton alilisimulia kwa dhihaka. Lakini msomaji wa leo aweza kuliona kwa jicho jingine. Afya ya mfalme haikuwa habari ya mfalme peke yake. Katika fikra za Wasambaa mfalme mmoja mwenye nguvu huiponya nchi, kuzifya shi. Wenye nguvu wawili wanaoshindana, nguvu kwa nguvu, huiharibu, kubana shi. Steven Feierman, ambaye kitabu chake cha 1974 juu ya ufalme huu na kile cha 1990 juu ya fikra za wakulima wake ni nguzo za somo hili, ameeleza kwa kirefu jinsi maneno hayo yalivyounganisha siasa na mvua. Mzee aliyeomba dawa aliijua hatari iliyokuwa ikimngoja mjukuu wake.

4. Mazinde: utawala unashuka

Hatari hiyo ilikuwa imekwisha kuchukua umbo la jengo. Burton na Speke, kabla ya kufika Vuga, walipita Chogwe na Tongwe, katika nchi iliyo kati ya pwani na milima, wakakuta huko askari wa Kibaluchi wa Sultani wa Unguja. Tongwe ilikuwa ngome kwa maana ya watu wa pwani: kituo cha askari wa kulipwa, wenye bunduki, chini ya jemadari. Kimweri alidai kuwa nchi ni yake. Sultani naye aliweka askari. Kwa muda mambo mawili hayo yaliweza kukaa pamoja, maana kila upande ulimhitaji mwenzake kwa biashara. Lakini ngome ile ndogo ilionyesha kwamba chanzo kipya cha nguvu kimepatikana, nacho hakikuwa mvua wala wajomba. Kilikuwa baruti.

Aliyelielewa jambo hili kuliko Wakilindi wengine wote alikuwa Semboja, mwana wa Kimweri. Makao yake yalikuwa Mazinde, chini kabisa ya mlima upande wa magharibi, kwenye njia ya misafara ya bonde la Pangani. Leo hii abiria wa basi la Moshi hupita Mazinde bila kugeuza shingo. Katika karne ya 19 kila jora la nguo na kila kasha la bunduki lililokwenda bara kwa njia hiyo lilipita karibu na mlango wa Semboja. Yeye mwenyewe alivaa mavazi ya pwani, alikaribisha wafanyabiashara, na alikuwa na makarani wa kumwandikia barua.

Kimweri alipofariki, kiti cha Vuga kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu. Kwa desturi, mfalme mpya aliwaweka wana wake mwenyewe katika sehemu za nchi. Lakini Shekulwavu alikuwa kijana, na waliokuwa wakizishika sehemu hizo walikuwa baba zake wadogo na wakubwa. Hapo ukuta wa watu ulionyesha ufa wake: ulitegemea mfalme awe mkubwa kuliko watawala wake, na sasa watawala walikuwa wakubwa kuliko mfalme. Katika miaka ya mwisho ya 1860 Semboja, akisaidiwa na wapiganaji wakiwamo Wataita kutoka nchi ambayo sasa ni Kenya, aliishambulia Vuga na kuichoma moto. Shekulwavu alikimbia. Wabondei nao waliwaasi Wakilindi, na nchi ikaingia katika vita vya miaka mingi.

Baada ya ushindi Semboja hakuhamia Vuga. Alimweka mwanawe Kimweri Maguvu akae katika kiti cha juu, na yeye mwenyewe akabaki Mazinde. Huu ndio uhamisho wa kwanza nilioutaja. Kiti kilikuwa juu, nguvu ilikuwa chini. Nyika, ambayo babu zake waliiona kuwa mahali pa homa na hatari, ilikuwa sasa mahali pa mali. Lakini mali yenyewe ilipatikana kwa bei kubwa. Bunduki zilinunuliwa kwa pembe na kwa watu, na watu hao hawakutoka mbali: Wasambaa waliotekwa katika vita vya Wasambaa walishuka mlima wakiwa wamefungwa, wakapelekwa pwani ya Pangani. Anayekwenda Mazinde kutazama mahali pa mtawala hodari na asilikumbuke hilo, hajaiona Mazinde.

5. Mwandishi aliyekaa chini ya mlima

Hapa sina budi kurudi kwenye kitabu tulichokwenda nacho. Abdallah bin Hemedi, aliyefariki 1912, aliishi na Semboja akiwa karani wake na mwalimu wa watoto wake. Baadaye, chini ya Wajerumani, alikuwa liwali wa Tanga. Habari za Wakilindi ilichapwa kwa sehemu katika kiwanda cha chapa cha misheni ya Magila, ikakamilika 1907. Mwaka 1962 ilitolewa tena na East African Literature Bureau kwa uhariri wa J. W. T. Allen, na tafsiri yake ya Kiingereza ikafuata 1963.

Katika madarasa yetu kitabu hiki husomwa kama mfano wa nathari ya Kiswahili ya kabla ya usanifishaji, na kwa kweli ni mfano bora. Masimulizi yake yamejaa mazungumzo. Watu hutumiana wajumbe, huapizana, husuluhishwa. Lakini tulipokisoma tukiwa Mazinde, kisha tukakisoma tukiwa Vuga, tuliona jambo ambalo darasani lilitupita. Mwandishi anautazama mlima kutoka chini. Mbegha wake na Kimweri wake wamemfikia kwa mapokeo, na wametulia kama watu wa hadithi. Semboja wake ni mtu aliyemjua, mwenye hasira, hila na ukarimu. Vita vinavyosimuliwa vinaonekana zaidi kutoka upande wa aliyekuwa na makarani. Shekulwavu hakuacha kitabu.

Silisemi hili ili kukipunguzia kitabu thamani. Nalisema kwa sababu lugha yenyewe ilipanda mlima kwa njia ile ile ya bunduki na nguo. Kiswahili cha Usambara katika karne ya 19 kilikuwa lugha ya barua, ya biashara na ya Mazinde. Lugha ya Vuga, ya tambiko na mvua, ilikuwa Kisambaa. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hupenda kusema kwamba lugha yetu iliwaunganisha watu. Iliwaunganisha, ni kweli. Lakini tunapoufurahia utajiri wa nathari ya Abdallah bin Hemedi tusisahau kwamba wino wake ulinunuliwa katika njia ya misafara, na kwamba kuna upande wa habari hii uliobaki katika Kisambaa, ndani ya mapokeo ya wazee, ambao kitabu hakikuuandika wala hakikuweza kuuandika.

6. Wilhelmstal: utawala unarudi juu

Wajerumani walipokuja walianza mahali alipoishia Semboja. Kituo chao cha kwanza cha eneo hili kilikuwa Mazinde, kwa sababu zile zile: njia, maji na misafara. Semboja alifariki 1895. Mwaka huo huo mjukuu wake Mputa, aliyekuwa amerithi kiti cha Vuga, alinyongwa na Wajerumani, na kiti akapewa Kinyashi wa ukoo uliokuwa ukishindana na wa Semboja. Miaka michache baadaye makao ya wilaya yaliondolewa Mazinde na kupandishwa mlimani, mahali penyeji pakiitwa Lushoto. Wao walipaita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao.

Kwa nini walipanda? Si kwa mvua ya tambiko, wala kwa kuogopa kushambuliwa. Walipanda kwa ajili ya hewa. Lushoto iko meta 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Mombo, iliyo chini yake kwa mwendo wa kilometa zipatazo 33, iko kwenye joto la nyika. Fikra ya kuhamia mlimani kwa ajili ya afya haikuzaliwa Afrika. Waingereza walikuwa wameitumia India, ambako Shimla ilikuwa makao ya serikali ya majira ya joto tangu 1864. Mzungu wa zama hizo aliamini kwamba hawezi kuishi muda mrefu katika joto bila kudhoofika, na kwa hiyo kila koloni lilitafuta mlima wake. Usambara ilipata shamba la majaribio la serikali huko Kwai mwaka 1896, nyumba ya mapumziko huko Wugiri, na mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya mashariki.

Kilichoyawezesha haya yote ni reli. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905. Kwa Kimweri urefu wa mlima ulikuwa kinga kwa sababu ulikuwa mgumu kupandwa. Kwa Mjerumani urefu ule ule ulikuwa anasa kwa sababu sasa ulikuwa rahisi kupandwa. Mlima haukubadilika, kilichobadilika ni nani anayebebwa na nani anayebeba.

Yafaa tuseme neno juu ya lugha hapa. Kiswahili hakikuunda neno moja la kutaja mji wa mlimani uliojengwa kwa ajili ya kukimbia joto. Mtu wa pwani akisumbuliwa na joto hutoka kupunga upepo, na upepo huo ni wa bahari. Kwenda kukaa kwenye baridi kwa hiari hakukuwa starehe katika fikra zake. Kwa hiyo mji ule uliopewa jina la mfalme wa mbali uliitwa na wananchi kwa neno walilokwisha kuwa nalo: boma. Kwa Mzungu ulikuwa mji wa mapumziko. Kwa Msambaa ulikuwa mahali pa kodi, kesi na viboko. Jengo moja, maana mbili. Na lugha ikaichagua maana ya wengi.

Maana hiyo ilipata uzito zaidi mwaka 1907. Walowezi wa milimani walilalamika kwamba hawapati vibarua, maana Msambaa alikuwa na shamba lake na hakuona sababu ya kuliacha. Basi katika wilaya ya Wilhelmstal ilianzishwa kadi ya kazi. Kila mwanamume alitakiwa kumfanyia Mzungu kazi ya siku 30 katika kila miezi minne, na kadi ikatiwa alama. Asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Katika mashamba ya mkonge yaliyotanda chini ya milima, kadi ya namna hiyo yenye siku 30 ilikuja kujulikana kwa neno kipande. Sisi wa Kenya hatuhitaji kamusi ili kulifahamu neno hilo. Babu zetu walilivaa shingoni, ndani ya kikebe cha bati, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Sheria hazikuwa moja, wala watawala hawakuwa wamoja, lakini neno lilikuwa moja: sehemu ndogo ya karatasi iliyotosha kummiliki mtu mzima.

Majeshi ya Waingereza yaliichukua Wilhelmstal katikati ya mwaka 1916, na jina la Lushoto likarudi. Mji ukaendelea kuwa mahali pa baridi pa watawala wapya. Mwaka 1946 ulianza mradi wa kuhifadhi udongo huko Mlalo, na katika miaka ya 1950 wakulima waliamrishwa kutengeneza matuta katika mashamba yao. Walikataa, na katika kukataa kwao walitumia yale maneno ya kale ya kuiponya nchi na kuiharibu. Mradi uliachwa mwaka 1957. Ngome ya Vuga ilikuwa haipo tena. Mji ulikuwa umeungua mara nyingine 1898. Lakini msamiati wa Vuga ulikuwa bado unasimama, na uliishinda amri ya boma.

7. Hitimisho

Tumeona basi kwamba utawala wa Usambara ulikaa juu Vuga kwa nguvu ya ukoo na mvua. Ukashuka Mazinde kwa nguvu ya biashara na bunduki. Ukapanda Wilhelmstal kwa nguvu ya reli na kazi ya kulazimishwa. Katika makao hayo matatu, yale yanayoonekana kwa urahisi na mgeni ni ya mwisho tu, nayo ndiyo yaliyodumu muda mfupi kuliko yote: Wilhelmstal iliishi miaka isiyofika 20 kwa jina hilo. Kama tutaipima historia kwa mawe, miaka hiyo michache itaifunika karne nzima na zaidi.

Napenda kutoa mapendekezo mawili kwa wenzangu. La kwanza ni kwamba Habari za Wakilindi isisomwe tena kama kipande cha lugha kilichong'olewa mahali pake. Mwanafunzi akipelekwa Mazinde na Vuga atauona msimamo wa mwandishi katika muda wa siku moja, jambo ambalo mhadhara wa muhula mzima hauwezi kumwonyesha. La pili ni kwamba wanafunzi wanaojua Kisambaa, na lugha nyingine za milimani, watiwe moyo kuandika majina ya mahali na mapokeo ya wazee, kila jina na eneo lake, kila habari na ukoo ulioitoa. Kazi hii haitaki fedha nyingi. Inataka daftari, subira na heshima, nayo haiwezi kungoja sana, maana wenye habari hizo wanazeeka.

Tuliposhuka Vuga tulipita Soni, ambako misheni ya Kilutheri ilikuwa na kiwanda cha chapa kilichopewa jina la Vuga, na vitabu vingi vya Kiswahili vimebeba jina hilo katika ukurasa wa kwanza. Nilimwonyesha mwanafunzi yule kitabu kimoja cha namna hiyo nilichokuwa nacho. Alilisoma jina, akageuka kuutazama mlima tulioutoka, na mara hii hakuuliza ngome iko wapi. Aliuliza kama yule mzee angekubali tumrudie tukiwa na daftari.